Mwongozo: Mambo ya kuzingatia unapochagua RAM ya kuongezea kipakatalishi chako

Na MWANDISHI WETU

MNAMO mwaka 2019 mpwa wangu, aliyekuwa akikamilisha tasnifu yake ya shahada ya uzamili, alinipigia simu usiku huku sauti ikimtetemeka. "Mjomba," akasema, "tarakilishi imekufa na tasnifu yangu yote imo ndani."

Mchana wa siku hiyo alikuwa amenunua kipande cha RAM kwa nia ya kukiongezea kipakatalishi chake kasi. Muuzaji alimhakikishia kwamba kilikuwa cha aina ifaayo. Na kwa kweli kiliingia mahali pake barabara bila kulazimishwa. Lakini alipobonyeza kitufe cha kuwashia, taa iliwaka, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi tititi.

Tasnifu haikuwa imepotea. Kosa lilikuwa moja tu: kipande alichouziwa kilihitaji umeme wa volti 1.5, ilhali mashine yake ilitengenezewa vipande vya volti 1.35 pekee. Alipokitoa na kurejesha kile cha zamani, mashine iliwaka kama kawaida. Hata hivyo, pesa zake hazikurudi, kwani muuzaji alishikilia kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairejeshwi.

Kisa hicho si cha mtu mmoja. Wakenya wengi, hasa wanafunzi, walimu na wenye biashara ndogondogo, hununua vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo na baadaye hutaka kuviboresha. Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kuchagua RAM itakayokubaliana na mashine yako, na pia ni wakati gani unafaa kuweka pesa zako mfukoni.

RAM NI NINI HASA?

RAM ni kumbukumbu ya muda ya tarakilishi. Ili kuielewa, ifikirie ofisi ya mhariri. Diski ndiyo kabati la majalada. RAM ndiyo meza. Prosesa ndiye mhariri mwenyewe.

Kabati hutunza majalada hata taa zikizimwa. Meza nayo hubeba tu yale majalada yanayoshughulikiwa kwa sasa, na jioni huondolewa kila kitu. Vivyo hivyo, umeme ukikatika, kila kilichokuwa kwenye RAM hupotea, lakini kilichohifadhiwa kwenye diski hubakia.

Meza ikiwa ndogo, mhariri hulazimika kuinuka kila mara kurudisha jalada moja kabatini ili apate nafasi ya kufungulia jingine. Ndivyo ufanyavyo mfumo endeshi wa tarakilishi: RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski kisha huirejesha inapohitajika. Diski, hata ile ya kisasa ya SSD, ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Hapo ndipo mashine huanza kukwama.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji atagundua mambo mawili. Mosi, kubadilisha RAM hakufuti faili zako. Pili, kuongeza RAM husaidia tu iwapo udogo wa meza ndio kiini cha tatizo.

ANZA KWA KUPIMA

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha uende kwenye sehemu ya utendakazi. Fungua programu zote unazotumia katika siku ya kawaida ya kazi, halafu utazame kiasi cha kumbukumbu kinachotumika.

Ikiwa kiasi hicho hakipungui asilimia 85 au 90, una sababu ya kuongeza RAM. Ikiwa kiko nusu tu na mashine bado inajikokota, mkosaji ni mwingine. Mara nyingi huwa ni diski ya zamani ya kuzunguka. Kwa mashine ya aina hiyo, kuweka SSD kutaleta nafuu kubwa kuliko RAM ya kiwango chochote.

Ukurasa uo huo utakuonyesha mambo mengine ya manufaa: RAM iliyomo ni ya ukubwa gani, inakwenda kwa kasi gani, na ni nafasi ngapi za kupachikia zinazotumika. Programu ya bure iitwayo CPU-Z hutoa maelezo zaidi, yakiwemo jina la mtengenezaji wa kila kipande na nambari yake. Watumiaji wa Linux wanaweza kupata maelezo hayo kwa amri ya dmidecode.

JE, RAM YAKO INAWEZA KUONGEZWA?

Hili ni swali ambalo wengi hulisahau. Si kila kipakatalishi kina nafasi ya kupachikia RAM. Katika mashine nyingi nyembamba, chipu za RAM zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu na haziwezi kuondolewa wala kuongezwa na mtu wa kawaida.

Mathalani, MacBook Air zimekuwa na RAM ya kulehemiwa tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 2008. MacBook Pro ya mwisho iliyoruhusu mtumiaji kubadilisha RAM ni ile ya inchi 13 ya mwaka 2012 isiyokuwa na skrini ya Retina. Lenovo ThinkPad X1 Carbon nayo ni ya kulehemiwa.

Baadhi ya mashine ziko katikati. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za kupachikia, lakini mrithi wake, T490, ana RAM iliyolehemiwa pamoja na nafasi moja tu. ThinkPad X240 ina nafasi moja pekee, na kiwango chake cha juu ni gigabaiti 8. Kwa upande mwingine, HP EliteBook 840 G3 na 840 G5, ambazo huonekana sana katika maduka ya mashine zilizotumika, zina nafasi mbili kila moja.

Kwa hivyo, tafuta jina kamili la mashine yako, ambalo kwa kawaida huandikwa chini ya kipakatalishi, kisha usome mwongozo wa matengenezo wa mtengenezaji. Hati hizo hupatikana bure kwenye tovuti za HP, Dell na Lenovo. Humo mtaelezwa idadi ya nafasi, aina ya RAM na kiwango cha juu ambacho mashine inakubali.

VIZAZI VYA RAM

Kipande cha RAM cha kipakatalishi huitwa SO-DIMM. Urefu wake ni takriban nusu ya kile cha tarakilishi ya mezani, na viwili hivyo havibadilishani. Vipande hivi vimepitia vizazi kadhaa, na kila mlango una ufunguo wake:

DDR, ambayo viwango vyake vilitolewa mwaka 2000, ina pini 200 na hutumia volti 2.5.

DDR2, ya mwaka 2003, ina pini 200 vilevile lakini hutumia volti 1.8.

DDR3, ya mwaka 2007, ina pini 204 na hutumia volti 1.5. Ndugu yake mdogo, DDR3L, aliyetolewa mwaka 2010, ana pini 204 pia lakini hutumia volti 1.35.

DDR4, ya mwaka 2012, ina pini 260 na hutumia volti 1.2.

DDR5, ya mwaka 2020, ina pini 262 na hutumia volti 1.1.

Kila kizazi kina pengo dogo kwenye ukingo wa pini, nalo huwa mahali tofauti ili kumzuia mtu kupachika kipande kisichofaa. Ukiona kipande kinakataa kuingia, usikilazimishe. Kinakueleza kwamba si cha hapo.

Mtego uliomnasa mpwa wangu uko kati ya DDR3 na DDR3L. Hizi mbili zina idadi sawa ya pini na pengo mahali pamoja, hivyo basi kipande cha moja huingia penye nyingine bila pingamizi. Kwa kawaida DDR3L hukubali pia volti 1.5, na kwa hiyo huweza kutumika katika mashine ya DDR3. Kinyume chake si kweli. Vipakatalishi vyenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizotolewa mwaka 2013, huhitaji DDR3L. Ukinunua RAM ya mashine ya enzi hiyo, hakikisha herufi L ipo.

Kuanzia kizazi cha sita cha prosesa za Intel, mwaka 2015, DDR4 ilianza kuingia kwenye vipakatalishi. Hata hivyo, prosesa hizo zilikubali pia DDR3L, na ni mtengenezaji wa mashine aliyeamua atumie ipi. Kujua prosesa pekee basi hakutoshi.

Fauka ya hayo, mwaka 2024 zilianza kuuzwa mashine zenye kipande cha aina mpya kiitwacho LPCAMM2, ThinkPad P1 ya toleo la saba ikiwa mojawapo. Hicho hufungwa kwa skrubu juu ya ubao na hakihusiani na SO-DIMM.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Njia bora ya kununua RAM ni kufungua mashine na kusoma lebo ya kipande kilichomo. Tuseme lebo yasema: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S-11.

8GB ni ukubwa, yaani gigabaiti 8. 2Rx8 yaeleza mpangilio wa chipu: safu mbili, kila moja ikiwa na chipu nane, jumla 16. PC3L ni ishara ya DDR3L. Nambari 12800 ni kiasi cha megabaiti kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Herufi S yamaanisha ni kipande kidogo cha kipakatalishi. Nambari 11 ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM huchelewa kabla ya kuanza kujibu.

Lebo za DDR4 huandikwa tofauti kidogo, mathalani: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-S. Hapa 2400 si megabaiti bali ni kasi, yaani mamilioni ya usafirishaji wa data kwa sekunde. Ukitaka kulinganisha, zidisha kasi kwa nane upate megabaiti. Hivyo DDR3 ya kasi ya 1600 ndiyo PC3-12800, na DDR4 ya kasi ya 2400 huitwa pia PC4-19200. Wauzaji hutumia majina yote mawili, na mnunuzi asiyejua hesabu hii huenda akadhani anaonyeshwa bidhaa mbili.

UKUBWA GANI UNATOSHA?

Jibu latokana na kazi yako. Kwa anayeandika, kusoma barua pepe na kufungua kurasa chache za intaneti, gigabaiti 8 zinatosha. Kwa anayefungua kurasa nyingi kwa pamoja, anayeshiriki mikutano ya video huku lahajedwali kubwa ziko wazi, au anayesomea uandishi wa programu, gigabaiti 16 ni chaguo la busara. Wahariri wa video na wanaoendesha mifumo endeshi kadhaa katika mashine moja ndio wanaohitaji 32 au zaidi.

Hakikisha pia kwamba mfumo endeshi wako ni wa biti 64. Windows ya biti 32 inayotumika katika vipakatalishi haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukipachika 16. Huko ni kununua meza kubwa na kuiingiza katika chumba ambacho mlango wake ni mwembamba.

KIPANDE KIMOJA AU VIWILI?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mashine nyingi zenye nafasi mbili zina njia mbili za kupitishia data kati ya RAM na prosesa. Vipande viwili vya gigabaiti 4 vitatumia njia zote mbili, ilhali kimoja cha 8 kitatumia moja tu. Tofauti hiyo huonekana zaidi katika michezo na kazi za picha, kwa kuwa vipakatalishi vingi havina kadi maalumu ya picha na hukopa sehemu ya RAM kwa ajili hiyo.

Vipande viwili si lazima vitoke kiwanda kimoja, ingawa vikifanana ndivyo bora. Vikitofautiana kasi, vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Hali kadhalika, kipande chenye kasi kuliko mashine hupunguza mwendo wake: RAM ya DDR4 ya kasi ya 2400 itafanya kazi katika EliteBook 840 G3, lakini kwa kasi ya 2133, ambayo ndiyo kikomo cha mashine hiyo. Kwa hivyo usilipe zaidi kwa ajili ya kasi ambayo mashine yako haitaitumia.

Iwapo una kipande kimoja cha gigabaiti 8 na nafasi moja iko wazi, ongeza kingine cha 8. Ikiwa nafasi zote zimejaa vipande vya 4, itakubidi kuviondoa. Lihesabu hilo katika bajeti, na uulize kama muuzaji atavichukua vya zamani kwa punguzo.

UNAPOFIKA DUKANI

Chipu nyingi za RAM ulimwenguni hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni nyingine, kama vile Kingston, hununua chipu hizo na kuunda vipande kwa majina yao.

RAM haina sehemu zinazosogea, hivyo basi iliyotumika si lazima iwe mbovu. Kipande kilichotolewa katika mashine ya ofisi huweza kudumu miaka mingi. Cha muhimu ni kukikagua. Je, pini zina mikwaruzo mirefu au alama za kuungua? Je, lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine? Je, idadi ya chipu inalingana na inavyosema lebo?

Nenda na mashine yenyewe, iwe unanunua katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi au katika duka la mjini mwako. Kipachikwe na kiwashwe mbele yako, na utazame kama ukubwa unaoonyeshwa kwenye skrini ndio uliolipia. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba kisipofanya kazi utakirejesha, na uombe risiti yenye tarehe, aina ya kipande na muda wa waranti. Ahadi ya mdomo haina shahidi.

Kuhusu bei, mnunuzi ajihadhari na makisio ya zamani. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana kote duniani baada ya viwanda kuelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili unde. Mwezi Desemba mwaka huo, Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia watumiaji wa kawaida RAM za chapa ya Crucial. Uliza bei katika maduka matatu au manne kabla ya kuamua.

KUPACHIKA

Kazi yenyewe si ngumu, lakini yahitaji utulivu. Kwanza, hifadhi nakala ya kazi zako muhimu mahali pengine. Zima mashine kabisa, ondoa waya wa chaji, kisha ondoa betri. Ikiwa betri iko ndani, itenganishe na ubao au uizime kupitia mipangilio ya BIOS pale ambapo mtengenezaji ameruhusu.

Gusa chuma tupu ili kuondoa umeme tuli mwilini, kwani huweza kuharibu chipu pasipo wewe kuhisi chochote. Shika kipande kwenye kingo, wala usiguse pini. Kiingize kikiwa kimeinama kidogo, pengo likiwa limelingana na ulimi wa nafasi, mpaka pini zizame. Kisha kikandamize chini taratibu hadi vibanio vya pembeni vilie na kukishika.

Unapowasha mara ya kwanza, skrini huenda ikabaki nyeusi kwa muda, hasa kwa DDR5, mashine ikiizoea RAM mpya. Subiri dakika chache kabla ya kutaharuki. Isipowaka, zima, toa kipande na ukirudishe tena. Mara nyingi huwa hakikuketi vyema. Ikikataa kabisa, rejesha cha zamani.

Ikishawaka, ipime. Programu ya MemTest86 huikagua RAM yote na kuonyesha kosa lolote. Iache iendelee usiku kucha. Kosa hata moja ni sababu tosha ya kurudi dukani, kwa maana RAM mbovu huweza kuharibu faili polepole bila ya mwenyewe kutambua.

WAKATI WA KUTONUNUA

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 kwa jumla huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au ya baadaye. Hii ina maana kwamba EliteBook 840 G3, yenye prosesa ya kizazi cha sita, haimo katika orodha rasmi hata ukiiwekea gigabaiti 32, ilhali 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane imo.

Mwenye mashine ya zamani ana njia mbili za heshima. Anaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure na hutumia RAM kwa uangalifu, au aweke akiba kwa ajili ya mashine mpya zaidi. Kutumia nusu ya thamani ya kipakatalishi kununulia RAM ni hesabu inayofaa kufanywa kwa kalamu na karatasi.

Mpwa wangu alipata hatimaye kipande cha DDR3L, baada ya kuandika katika kijikaratasi maneno yote yaliyokuwa kwenye lebo ya kile cha zamani na kumkabidhi muuzaji mwingine. Aliiwasilisha tasnifu yake kwa wakati. Kijikaratasi hicho bado kimebandikwa chini ya mashine yake, na kila anayemuuliza kuhusu RAM humwonyesha kwanza.